Kabla ya Kutoa Vifaranga Nje: Maandalizi Dhidi ya Mwewe na Kipanga

Ili mwewe anyakue kifaranga, lazima apate njia wazi ya kushuka na ya kupaa tena bila kugonga kitu. Maandalizi ya uwanja wa kuku yanalenga kuikata njia hiyo, nayo yakamilike kabla vifaranga hawajatoka. Ndege aliyekwisha kula mahali mara moja hurudi, mara nyingi siku hiyohiyo au kesho yake.

Kama umeshapoteza kuku, mjue kwanza mwizi. Kifaranga akitoweka mchana bila kuacha unyoya, mshuku mwewe au kunguru. Manyoya yaliyonyonyolewa na kurundikana mahali pamoja, huku kidari kimeliwa, huashiria kipanga. Kuku aliyekutwa asubuhi bila kichwa huenda ni wa bundi, ingawa kicheche naye huvuta vichwa kupitia matundu ya waya. Kuku wengi wakiuawa usiku mmoja bila kuliwa, huyo ni mnyama wa miguu minne, na wavu wa juu hautakusaidia. Kagua mlango na chini ya kuta.

Wiki 8 za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Mwewe wa kawaida hafiki hata kilo moja, kwa hiyo tetea mkubwa humshinda kubeba. Vipanga wakubwa na tai, hata hivyo, humuua tetea na kumla palepale. Kwa mama na vifaranga 10, kizimba cha mita 2 kwa 1, chenye kimo cha sm 60, kinatosha kwa wiki 4 hivi. Baada ya hapo kipanue. Kizibe pande zote na juu kwa wavu wa chuma wa matundu ya mm 12. Matundu makubwa huruhusu kucha kuingia, na vifaranga nao hutoa vichwa nje, wakajipeleka wenyewe. Theluthi ya paa iwe bati au turubai, kwa sababu jua kali nalo huua vifaranga. Kihamishe kila siku.

Kwa uwanja mzima hakuna kinachoshinda wavu wa juu. Uwanja wa mita 6 kwa 6 unahitaji nguzo 9, safu 3 za nguzo 3, zikiachana mita 3. Kila nguzo iwe na urefu wa mita 2.6, sm 60 zikae ardhini, ili upite chini bila kuinama. Pakiwa pafupi utachoka kufanya usafi. Tandaza waya wa mm 2.5 kutoka kichwa cha nguzo hadi kingine, kwa urefu na kwa upana: ni mita 36, lakini nunua 42 kwa ajili ya kufungia. Wavu wenyewe uwe wa mita 7 kwa 7, macho ya sm 5, au sm 2.5 ikiwa vipanga wadogo wapo. Ufunge kwenye waya kila baada ya sm 50, na pembeni kila sm 30. Vika vichwa vya nguzo kipande cha mpira, la sivyo vitaukata wavu upepo ukivuma.

Wavu ukilegea, majani hukusanyika juu na kuuvuta chini zaidi. Kosa linalogharimu wengi ni pengo kati ya wavu na ukuta wa uwanja: kipanga hutua ukutani, kisha hujipenyeza. Ziunganishe kabisa hizo mbili. Epuka wavu wa nyuzi nyembamba zisizoonekana, kwani hunasa ndege wengine na nyoka. Jua nalo hula nailoni. Pinda uzi kwa vidole, ukikatika, badilisha.

Kamba zilizotandazwa kwa kuachana sm 50 huwasumbua ndege wakubwa, ila wadogo hupita. Zichukulie kuwa za muda tu.

Hata chini ya wavu, kuku wanahitaji pa kujificha. Vichaka vifupi, au mbao zilizoinuliwa sm 40 kutoka ardhini, viwe kila baada ya mita 4 hivi. Miti mikavu na milingoti iliyo karibu ni tatizo tofauti: ndiyo vituo vya kuvizia, iondoe.

Diski za CD na sanamu zinazoning'inizwa hufanya kazi siku chache. Zihamishe kila siku 2 au 3, na usizitegemee. Jogoo mzuri na kanga hupiga kelele mapema, jambo lenye faida pale tu ambapo pana mahali pa kukimbilia. Chakula kiwe chini ya paa. Nafaka iliyomwagika huita njiwa na panya, na hao huwaita wawindaji. Mabaki ya machinjo yafukie.

Sumu na mitego usiguse. Nchi nyingi zinawalinda ndege hawa kisheria, na sumu haichagui: itaua mbwa, na kuku wako pia.

Mwewe akinaswa ndani, watoe kuku kwanza. Mfunike kwa gunia, mshike miguu yote miwili kwa glavu nene, mwachie nje. Kisha tafuta tundu aliloingilia na ulishone kabla kuku hawajarudishwa.