Ada imepanda na kutoka kunatozwa: namna ya kupinga makato yasiyo ya haki kwenye uwekezaji wako

Ujumbe wa simu unaingia: ada ya usimamizi wa mfuko wa uwekezaji wa pamoja itapanda kuanzia mwezi ujao. Wapo wanaokasirika na kwenda kujaza fomu ya kuuza vipande, yaani sehemu zao kwenye mfuko, siku hiyo hiyo. Wapo wanaonyamaza kwa sababu mkataba wameshautia saini. Wote wawili wanajiumiza. Anayeuza kwa hasira hukatwa ada ya kujitoa, na fomu aliyoisaini huja kuoneshwa baadaye kuwa ndiyo ushahidi wa ridhaa yake. Usisaini kitu kabla hujakusanya karatasi zako.

Karatasi zenyewe ni waraka wa toleo (kijitabu cha masharti ya mfuko) au mkataba uliokuwa ukitumika siku ulipoingia, taarifa za akaunti tangu siku hiyo, na tangazo la ada mpya. Waraka uliopo mtandaoni leo haukutoshi, maana huenda umeshabadilishwa. Kama wa zamani umekupotea, uombe kwa barua, na utaje tarehe uliyonunua vipande vya kwanza. Tangazo la simu lipige picha likionesha namba iliyolituma, tarehe na saa.

Kwenye waraka, nenda moja kwa moja kwenye maneno ya ada. Ukikuta "ada ya asilimia 1.5 kwa mwaka", hicho ni kiwango kilichofungwa. Ukikuta "ada isiyozidi asilimia 2", basi kupanda kutoka 1.5 hadi 2 kumo ndani ya mkataba, na hoja yako pekee itakuwa notisi: ilitakiwa ya siku ngapi, ipite njia gani, na ilikufikia lini. Ikiwa imepanda hadi 2.25, wamevuka ukomo, na hapo una hoja nzito. Tazama pia nani ana mamlaka ya kubadilisha ada. Nyaraka nyingine zinataka idhini ya msimamizi wa soko, nyingine zinataka kura ya wawekezaji kwenye mkutano mkuu. Kama ni hivyo, dai nakala ya idhini au kumbukumbu za mkutano.

Watu wengi hawaigundui ada ya usimamizi kwa sababu haionekani kama makato. Haiandikwi kwenye taarifa yako ya akaunti. Inatolewa ndani ya mfuko kabla ya bei ya kipande kutangazwa, kwa hiyo unachokiona ni bei iliyopanda pungufu ya ilivyostahiki. Chukua shilingi 10,000,000 za kusomeshea watoto skuli. Zikikua kwa asilimia 9 kwa mwaka baada ya makato yote, baada ya miaka 10 zitakuwa kama 23,670,000. Ada ikiongezeka kwa asilimia 0.75, ukuaji unashuka hadi 8.25 na utapata kama 22,090,000. Tofauti ni karibu milioni moja na laki sita, na hakuna mstari hata mmoja wa taarifa yako utakaoionesha. Hesabu ya namna hii iweke kwenye barua yako. Ni vigumu kuijibu kwa maneno matamu.

Ada ya kujitoa yenyewe inaonekana, lakini ndipo makosa ya hesabu yanapojaa. Tuseme waraka unasema anayeuza kipande kabla ya kutimiza miezi 12 atakatwa asilimia 2. Umeweka 100,000 kila mwezi kwa miezi 36, jumla 3,600,000, sasa unauza vyote. Kila mchango una umri wake: michango 24 ya mwanzo imeshavuka mwaka, na ya miezi 12 ya mwisho ndiyo michanga. Tukiiweka faida pembeni, makato halali ni asilimia 2 ya 1,200,000, yaani 24,000. Ofisi ikichukua asilimia 2 ya jumla yote, utakatwa 72,000. Na kama unatoa 2,000,000 tu, na waraka unasema vipande vilivyonunuliwa mwanzo ndivyo vinavyouzwa mwanzo, hustahiki kukatwa hata senti. Kwa hiyo omba mchanganuo unaoonesha tarehe ya kila ununuzi, idadi ya vipande na makato yake. Jumla peke yake usiikubali.

Kuna pia swali la kubaki au kutoka. Ikiwa kutoka kunakugharimu asilimia 3 na ada imeongezeka kwa 0.75, gawanya 3 kwa 0.75: gharama ya kutoka itarudi baada ya miaka minne. Ukikusudia kuacha pesa zaidi ya hapo, na ukapata mahali pengine palipo sawa kwa ada ya zamani, kutoka kuna nafuu hata baada ya kukatwa. Lakini dai kwanza kutoka bila ada. Wao ndio waliobadilisha masharti, si wewe uliyevunja ahadi. Kukupandishia bei huku mlango umefungwa kwa faini hakuna uadilifu. Dai hili mara nyingi ndilo jepesi zaidi kwa ofisi kulikubali, kwa sababu haliwalazimishi kurudisha ada kwa kila mtu.

Barua iwe ukurasa mmoja. Mfano:

"Yah: Kupinga ongezeko la ada, akaunti namba … Niliingia kwenye mfuko tarehe … Kifungu … cha waraka wa toleo kinasema ada haitazidi asilimia … Tangazo lenu la tarehe … limeipandisha hadi asilimia … Naomba: (a) mnioneshe kifungu kinachowaruhusu, (b) mrejeshe kilichozidi, (c) ikiwa ongezeko litabaki, niruhusiwe kutoka bila ada ya kujitoa. Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe …"

Chapisha nakala mbili. Moja wabakishe, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saini mbele yako. Bila ya muhuri huo utaambiwa barua haijafika. Aliyeko Pemba ambaye mfuko wake una wakala tu Chake Chake, na ofisi kuu iko Dar es Salaam, asiridhike na "tutaifikisha". Atume kwa rejista ya posta au EMS (huduma ya posta ya haraka), atunze risiti, na nakala aipeleke kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Ukizungumza kwa simu, andika jina la mhudumu na saa, kisha tuma ujumbe mfupi: "Kama tulivyozungumza leo…"

Jambo dogo linalokwamisha wengi huku Zanzibar ni jina. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kinasema Khamis, fomu ya mfuko inasema Hamisi, na malipo yanasimama kwa wiki huku bei ikibadilika. Lisahihishe mapema, na barua ya sheha iwe tayari.

Jibu likikosekana au likiwa la kuzungusha, panda ngazi kulingana na aina ya akaunti. Amana ya muda maalumu au akaunti yoyote ya benki, malalamiko huenda Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Zanzibar. Vipande vya mfuko wenye leseni ya Bara, nenda Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Bima ya maisha yenye akiba ni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kwa masharti ya kumkandamiza mteja, Zanzibar ina tume yake ya ushindani halali na ulinzi wa mtumiaji chini ya sheria ya 2018. Ile ya Bara haina mamlaka huku. Asiye na uwezo wa wakili aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, Unguja au Pemba.

Akaunti ya mudharaba, ile ya benki ya Kiislamu ambayo mteja hutoa mtaji na benki huuendesha, ina hoja yake. Mgao wa faida kati yako na benki hukubaliwa mwanzoni kwa uwiano, mathalani 60 kwa 40. Benki haiwezi kuugeuza katikati ya muda bila ya ridhaa yako, na ada mpya inayokula sehemu yako ni sawa na kuugeuza kwa mlango wa nyuma. Nakala ya barua ipeleke kwa bodi ya sharia ya benki hiyo (wanazuoni wanaosimamia ufuataji wa sharia ya Kiislamu), si kwa meneja wa tawi peke yake.

Wakikuita kukurudishia, soma karatasi ya malipo hadi chini. Mara nyingi huwa na mstari unaosema umepokea "malipo kamili na hutadai tena". Ikiwa pesa ni nusu ya unachodai, ufute mstari huo kwa kalamu, andika "nimepokea sehemu, nadai kilichobaki", saini pembeni, na ondoka na nakala. Wakikataa kukulipa kwa masharti hayo, waambie waandike kukataa kwao, kisha karatasi hiyo iongeze kwenye jalada la malalamiko.