Jinsi ya kusajili hakimiliki ya kazi yako nchini Uganda

Ukishaandika mashairi ya wimbo kwenye daftari, ukisharekodi sauti kwenye simu au ukishahifadhi programu uliyoiandika kwenye kompyuta, hakimiliki ni yako papo hapo. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 haimlazimishi mtu kusajili. Inataka kazi iwe imetoka kwako mwenyewe, na iwe imewekwa mahali inapoweza kusomwa, kusikika au kuonekana. Wazo tupu halilindwi. Ukimsimulia mwenzako hadithi ya filamu pale kijiweni Arua, naye akaenda kuitengeneza, huna pa kumshikia.

Faida ya kusajili huonekana siku ya ugomvi, maana hapo swali huwa moja: una ushahidi gani? Sheria yenyewe inataja kazi ya usajili: kutunza ushahidi wa umiliki, kuzitambulisha kazi na watunzi wake, na kuweka kumbukumbu za haki hizo. Wimbo ukitoka asubuhi Busia, kufikia jioni huenda uko kwenye akaunti za watu usiowajua. Ushahidi uliotayarishwa mapema ndio utakaokutetea, na ndiyo sababu nasisitiza maandalizi kuliko fomu.

Kwanza hakikisha ni hakimiliki unayoitaka. Inahusu vitabu, makala, mahubiri, nyimbo, michezo ya kuigiza, filamu, picha, michoro, programu za kompyuta na kanzidata. Jina lako la kisanii au nembo ya kundi huingia kwenye alama za biashara, chini ya sheria ya mwaka 2010. Mashine uliyoivumbua huenda kwenye hataza, yaani haki ya uvumbuzi, chini ya sheria ya mwaka 2014. Ofisi ni moja, URSB, yaani ofisi ya usajili ya serikali, lakini fomu na ada ni tofauti.

Malizaneni wenyewe kabla ya kugusa fomu

Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Wimbo mmoja unaweza kuwa na mwandishi wa mashairi, mwenye sauti ya kiitikio, na prodyuza aliyetengeneza biti. Mwimbaji na prodyuza wa rekodi wana haki zao pia, zile zinazoitwa haki jirani. Kaeni chini, andikeni nani kafanya nini na kila mmoja anachukua asilimia ngapi, kisha kila mtu atie sahihi na tarehe. Karatasi moja inatosha. Iandikeni studio siku ile ile ya kurekodi, wimbo ukiwa bado haujaleta hela. Ukishapata umaarufu, kila mtu atakumbuka mchango wake kuwa mkubwa zaidi.

Angalia pia nani alimwagiza nani. Kwa sheria ya Uganda, kazi uliyoifanya ukiwa umeajiriwa, au uliyoagizwa na mtu kuifanya, ni mali ya mwajiri au ya aliyeiagiza, isipokuwa mkataba useme vingine. Kijana anayemtengenezea mfanyabiashara programu ya kuuza bidhaa asidhani ataiuza tena kwa mwingine bila kukubaliana. Kinyume chake, biti ambayo prodyuza alikuwa nayo tayari kabla hujamjua haikuagizwa nawe. Kumlipa hela mkononi hakukufanyi mwenye biti. Kuhamisha hakimiliki kunahitaji maandishi yenye sahihi, kwa hiyo omba maandishi.

Kusanya ushahidi

Tafuta rekodi za mwanzo kabisa: daftari lenye mistari iliyokatwakatwa, sauti uliyojirekodi ukiwa unatafuta melodia, na faili la mradi kutoka studio lenye kila ala peke yake. Wimbo uliokamilika anaweza kuwa nao yeyote. Faili la mradi huwa nalo aliyeutengeneza.

Usitegemee nakala iliyopitia WhatsApp. Faili likipita huko mara nyingi hubadilishwa jina, likawa kitu kama AUD, tarehe, kisha WA na namba, na tarehe hiyo haisemi wimbo ulitungwa lini. Jitumie faili lenyewe kwa barua pepe, na uweke nakala nyingine kwenye diski.

Kama ulitumia akili mnemba kutunga, kuwa mwangalifu. Sheria ya 2006 inamtaja mtunzi kuwa mtu halisi aliyeiumba kazi, na haikuandikwa wakati mashine zinatunga nyimbo. Wimbo uliotoka mzima mzima kwenye programu, wewe ukiwa umeandika sentensi mbili tu za maelekezo, utakuwa mgumu kuutetea kama wako. Tunza kila rasimu inayoonyesha ulichokiandika, ulichokibadilisha na ulichokiimba mwenyewe, na usijitaje kuwa mtunzi wa sehemu ambayo hukuitunga.

Kuomba

Maombi hupelekwa URSB. Makao yake yako Kololo, Kampala, na kuna ofisi za mikoani Gulu, Arua, Mbale na Mbarara, kwa hiyo anza na iliyo karibu nawe, au tumia tovuti yao. Nenda na kitambulisho cha taifa, nakala ya kazi, na ile karatasi ya makubaliano kama mko wengi. Fomu ni za Kiingereza. Kama Kiingereza kinakusumbua, nenda na mtu unayemwamini akusomee kila mstari kabla hujatia sahihi.

Jaza jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, la kisanii lifuate. Andika kichwa cha kazi kama kinavyosomeka kwenye jalada au kwenye mtandao, aina ya kazi, na tarehe halisi iliyokamilika. Utapewa namba ya malipo, ile wanayoiita PRN, ulipe benki au kwa simu. Usimpe mtu taslimu akulipie, na hifadhi risiti.

Baada ya hapo, tangazo la ombi lako huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, na gharama ya tangazo ni juu yako. Watu wana siku 60 za kupinga. Asipojitokeza mtu, msajili anakupa cheti. Akijitokeza, ile karatasi ya studio na yale mafaili ndiyo utakayoyaweka mezani.

Ukishapata cheti

Cheti peke yake hakileti hela. Wanamuziki wajiunge na UPRS, chama kinachokusanya mirabaha, yaani malipo ya kutumiwa kwa kazi, kwa kazi zinazopigwa hadharani. Vyama vya namna hiyo viko pia kwa wengine: filamu zina UFMI, na maandishi yana URRO.

Mtu akipakia kazi yako YouTube, jaza fomu yao ya kuomba iondolewe, ukiweka kiungo cha video yake na cha kazi yako. Akileta pingamizi, una siku 10 za kazi kuonyesha kwamba umefungua kesi, vinginevyo video inaweza kurudishwa. Usiikose tarehe hiyo. Mwizi akiwa nje ya nchi usikate tamaa: Uganda imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu Aprili 2022, na nchi wanachama zinalazimika kulinda kazi za wenzao.

Ulinzi hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa programu za kompyuta, miaka 50 huhesabiwa tangu zilipotolewa kwa umma. Waonyeshe wanao au wazazi wako cheti kilipo, na ukiuza haki zako, peleka mkataba wa mauzo URSB nao uingizwe kwenye daftari lao la usajili.