Somo: Kuchovya mizizi ya miche ya mpunga kwenye bakteria wa Azospirillum

Ng'oa mche wa mpunga wa wiki tatu, usuuze kwenye maji safi, kisha uuinue mwangani. Mizizi iliyokomaa ina rangi ya kutu, na ncha za mizizi mipya ni nyeupe pe. Kutu hiyo ni madini ya chuma ya kwenye tope yaliyokutana na oksijeni. Mpunga una mirija ya hewa inayoshuka kutoka kwenye majani hadi mizizini, na hewa hiyo huvuja kidogo kidogo. Sukari nayo huvuja hapo hapo. Katika utando huo mwembamba, wenye chakula cha kutosha na hewa kiduchu, ndipo Azospirillum anapopenda kuishi. Oksijeni anaihitaji, ila ikizidi huharibu kimeng'enya anachokitumia kunasa naitrojeni ya hewani.

Mpunga hauoti vinundu (vile vivimbe vya mizizini wanamoishi bakteria) kama maharage. Bakteria hawa hushika juu ya mzizi, na wengine hupenya kwenye nyufa ndogo pale mzizi wa pembeni unapochomoza. Faida kubwa inayoonekana shambani hutokana na homoni ya auksini wanayoitoa: mizizi ya pembeni na vinyweleo huongezeka, mche ukapata midomo mingi ya kunyonya. Naitrojeni wanayoinasa ipo, lakini si ya kukutosheleza uache mbolea. Anayekuuzia kwa kukuahidi hivyo anakudanganya.

Mahitaji kwa ekari moja

Mbolea hai ya Azospirillum ya unga gramu 400, yaani pakiti mbili za gramu 200. Maji lita 16. Beseni pana lenye kina kifupi, na kivuli. Kipimo hiki kinatokana na kile cha Tamil Nadu, India, ambako njia hii imezoeleka: kilo 1 kwa lita 40 kwa hekta. Soma tarehe ya mwisho kwenye pakiti kabla hujalipa. Kiwango cha chini kinachotakiwa India kwa mbolea ya unga ni seli hai milioni 50 kwa gramu. Pakiti iliyokaa dukani chini ya bati linalochoma haina tena idadi hiyo, hata kama unga wake bado unapendeza kwa macho.

Hatua

1. Maji. Tumia ya mto, kisima au mfereji. Ya bomba yana klorini, nayo iliwekwa humo ili iue bakteria. Yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia.

2. Tayarisha jaruba kwanza. Lisawazishwe, tope litulie, maji yabaki sentimita 2 au 3. Ukichovya miche halafu ndipo ukumbuke kusawazisha, itakukaukia ukingoni.

3. Ng'oa kwa uangalifu. Loanisha kitalu, shika mche karibu na shina, vuta taratibu. Suuza tope bila kupigapiga mizizi kwenye mguu au ukingo. Mazoea hayo hukata ncha nyeupe, na karibu na ncha hizo ndipo sukari nyingi huvuja.

4. Koroga. Anza na unga na maji kidogo mpaka uwe kama uji mzito, ndipo umalizie maji. Kikombe cha uji mwepesi wa mchele uliopoa, usio na chumvi, husaidia unga kunata.

5. Chovya dakika 15 hadi 30, kivulini, mizizi tu. Funga mafungu madogo. Fungu nene hubaki kavu katikati. Unga hutuama chini, kwa hiyo koroga kila unapoingiza fungu jipya.

6. Pandikiza papo hapo. Chovya kiasi ambacho wapandaji watakimaliza ndani ya saa moja.

7. Funga maji. Hatua hii hupuuzwa sana, nami naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kwenye ngano, ambako jambo hili limepimwa, Azospirillum hujibandika kijuujuu ndani ya saa mbili za kwanza, lakini kujifunga imara kwa nyuzi huanza baada ya saa 8 na kufikia kilele karibu na saa 16. Ukifungulia mfereji siku hiyo hiyo, unawapelekea majirani walioko chini yako. Ziba mlango wa maji hadi kesho yake.

8. Urea isubiri siku 7 hadi 10. Naitrojeni ikijaa kwenye tope, bakteria huacha kunasa ya hewani. Ukipenda kupunguza urea, usizidi robo, tena ijaribu kwanza kwenye jaruba moja.

Acha jaruba jingine bila kuchovya ili ulinganishe. Liwe upande wa juu, maji yanakotokea, la sivyo bakteria watateremka nayo na ulinganisho utaharibika. Siku ya 30 hesabu machipukizi ya mashina 10 kila upande, kisha ng'oa mashina mawili na utazame mizizi.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, ninayo chanjo ya soya iliyobaki. Naweza kuitumia kwenye mpunga?
Hapana, ndugu. Hiyo ni ya bakteria waliochaguliwa kutengeneza vinundu vya soya. Ni kweli kwamba kwenye delta ya Nile, Misri, ambako mpunga hupokezana na bersimu (aina ya klova, majani ya kulishia mifugo), imeonekana kuwa bakteria wa vinundu vya bersimu huishi ndani ya mizizi ya mpunga na kuunufaisha. Lakini hao ni wa bersimu, tena wa mashamba hayo.

Naweza kuweka DAP, ile mbolea ya kupandia, kwenye beseni ili nimalize kazi mara moja?
Usiweke. Chumvi ya mbolea huunguza ncha za mizizi na kuua bakteria kwa pamoja. DAP iende kwenye udongo wakati wa kuandaa jaruba.

Sisi tunalima kilimo shadidi, tunapanda miche ya siku 8 hadi 12 pamoja na udongo wake. Tuichovyeje?
Msiichovye, mtauvua ule udongo bure. Anzieni kwenye mbegu: gramu 20 kwa kilo moja ya mbegu, kwenye maji ya kulowekea, usiku mmoja kabla ya kusia. Mbegu iwe haijapakwa dawa ya ukungu.

Nimechovya, baada ya wiki tatu mizizi ni myeusi na inanuka yai viza. Bakteria ndio wameiozesha?
Pole, mama. Hiyo ni gesi ya salfaidi, inayojitengeneza tope likikaa na maji muda mrefu, hasa kama mabua mabichi yalifukiwa karibu na kupanda. Toa maji mpaka uone nyufa nyembamba kama uzi, kisha rudisha. Mizizi mipya itatoka nyeupe.

Kwa nini nisichukue tope la jaruba linalostawi nikachovyea hilo?
Kwa sababu hujui kingine kilichomo. Virusi vya kimyanga, ugonjwa unaogeuza majani ya mpunga kuwa ya njano, husambaa pia kwa mabaki ya mimea iliyougua, na kwenye beseni moja utavigawia miche yote ya ekari nzima.