Kabla hujashuka pwani, uliza leo mwezi ngapi

Umeme umekatika kazini, semina imeisha mapema, au boti imemleta kila mtu isipokuwa mgeni uliyekwenda kumpokea. Saa 6 mchana huna shughuli tena, na mtu wa mjini Unguja akikosa shughuli huona pwani. Nenda, lakini yashike haya kwanza.

Nauli ya kurudi itenge kabla hujanunua hata dafu, na iwe noti ndogo ndogo. Bububu utapanda daladala namba 502. Maji ya kunywa chukua ya kutosha. Simu iwe na chaji, na uifunge isilowe. Kanga moja ya ziada haijawahi kumlemea mtu: utajifuta, utakalia, utajifunika ukipita mitaani, maana watu wanaishi pale na wanakwenda msikitini.

Miguuni vaa viatu vya plastiki vya kufunga. Malapa huchomoka majini, na chini kuna miiba myeusi inayovunjikia ndani ya nyama. Penye mchanga laini buruta nyayo, usinyanyue, ili samaki taa aliyejifukia akusikie aondoke.

Kama haja yako ni magofu, Maruhubi na Mtoni ziko njia hiyohiyo ya Bububu. Kasri ya Maruhubi ilijengwa na Sultani Sayyid Barghash ikaungua 1899, zikabaki nguzo. Mtoni ndiko alikozaliwa dada yake Barghash, Bibi Salme, mwaka 1844. Tazama, tembea, lakini kuoga kaoge mbele zaidi, kwani Maruhubi ni mikoko na tope.

Sasa maji. Hapa nisikilize vizuri.

Ilikuwa mwezi kumi na sita, yaani siku ya kumi na sita tangu mwezi uandame. Kazini tuliachiwa saa 6, nikampitia mtoto wa dada yangu, wakati huo ana miaka 8, tukateremkia Mbweni tukafuata ufukwe kuelekea Chukwani. Tulikopita si mchanga mmoja mrefu. Ni vifuko vya mchanga, na baina ya kimoja na kingine jabali la matumbawe limejitokeza hadi baharini, chini limeliwa na mawimbi, juu limebaki kama paa. Maji yakiwa makavu unalizunguka na nguo hailowi. Tukazunguka la kwanza, tukakutana na bibi mmoja anatoka kuchokoa kitoweo mwambani, ndoo kichwani, kanga imemlowa hadi mapajani. Nikamwamkia. Akaitikia, akamtazama mtoto, akasema, "Mwanangu, maji yameshageuka." Nikamjibu, "Naam bibi, hatuendi mbali." Mbele yangu palikuwa pakavu mpaka kule ngalawa zilikolala ubavu, sikuona cha kunirudisha. Tukazunguka na la pili.

Bibi yule alikuwa anajua hesabu nisiyoijua. Bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kukauka sana, huja mara mbili kwa mwezi, unapoandama na unapopevuka. Siku hizo, hapa kwetu, maji hukauka kabisa mnamo saa 4 au 5 asubuhi na hujaa mnamo saa 10 au 11 jioni. Yaani mchana wako wote wa kupumzika ni wa maji yanayokuja. Tena hayaji kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kugeuka huongezeka kidogo tu, ukadhani yamesimama, lakini saa ya 3 na ya 4 peke yake huleta nusu ya maji yote. Bamvua kubwa hupanda karibu mita 4, kwa hiyo ndani ya saa mbili hizo bahari huinuka kupita kichwa cha mtu mzima.

Sisi tulikuwa ndani ya saa hizo hasa. Tuliporudi kwenye jabali la pili maji yalinifika mapajani, mtoto kifuani. Nikambeba mgongoni tukapita. La kwanza hatukuliweza. Wimbi lilikuwa linapiga chini ya lile paa, na kila likirudi linanizoa miguu. Ikabidi tupande jabali lenyewe kwa mikono, na matumbawe ni visu. Tulikaa juu pale, yeye analia kimyakimya, damu inamtoka gotini, nami napunga kanga mpaka vijana wa ngalawa wakatuona. Walitufikisha Mbweni na hawakukubali hata shilingi. Goti lilishonwa nyuzi 5. Mpaka leo dada yangu hajaniachia tena mwanawe kwenda naye pwani, na simlaumu.

Kwa hiyo uliza. Mwezi mosi hadi mwezi nne, na kumi na tano hadi kumi na nane, ni bamvua: usizunguke jabali lolote mchana, baki mahali ambapo nyuma yako pana njia ya kupanda barabarani. Mwezi nane na mwezi ishirini na mbili ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji kwa nguvu. Saa ulizoziona juzi usizitumie leo, kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50. Na anayetoka baharini akikwambia yamegeuka, geuka naye papo hapo.

Fungu la mchanga la Nakupenda, la kufikwa kwa boti, nalo ni hivyohivyo, maji yakijaa linafunikwa. Kubaliana na nahodha saa ya kurudi kabla hamjaondoka Forodhani, na maboya ya kuvaa uyaone kwa macho, yahesabiwe sawa na watu. Miezi ya upepo wa kusi nahodha akisita, usimlazimishe.

Mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda, utaje na upande, si "pwani" tu. Usiogelee peke yako. Usiogelee umeshiba. Mtoto asikutangulie majini hata hatua tatu. Magharibi ikikaribia uwe umeshafika barabarani, giza letu huingia haraka na daladala hupungua. Na ukiona wavuvi wanavuta vyombo juu na wewe bado umo majini, toka, usingoje kuwauliza kwa nini.