Jinsi ya kutuma picha ya samaki wa mashindano isikataliwe

Mashindano ya kuvua na kurudisha hayana mizani ufukweni. Kolekole keshaenda zake, kilichobaki ni picha, na mwamuzi aliyekaa kivulini Mtwapa na kahawa yake ndiye atakayesema kama huyo samaki aliwahi kuwepo.

Kujisajili hakusumbui: fomu, kitambulisho, leseni ya uvuvi, ujumbe wa M-Pesa. Cha kuchunga ni kadi ya namba, ile inayoonekana pichani pamoja na samaki. Hutolewa alfajiri ya siku yenyewe, asije mtu na picha za mwezi jana. Ifunike kwa selotepu pande zote. Ikirowa maji ya chumvi namba hutoka, na kadi ya pili huipati.

Kabla ya kung'oa nanga, washa huduma ya mahali (location) kwenye kamera ya simu na uache saa ijiweke yenyewe. Kumbuka mahali hapo ni shahidi wa pande zote: picha ikionyesha umevua ndani ya mbuga ya bahari ya Mombasa, huko Nyali na Bamburi, pointi zitakuwa tatizo lako dogo.

Samaki akipanda, lowesha ubao wa kupimia kwanza kwa maji ya bahari. Ubao uliokaa juani humbabua utelezi. Mlaze ubavu, mdomo umefungwa na umegusa kizuizi cha ubao kilicho kwenye sifuri. Sentimita hupotea hapa: mdomo ukiachama, au pakiwa na pengo la unene wa kidole, waamuzi wengine hukata sentimita, wengine hutupa picha nzima. Kolekole kwa kawaida hupimwa hadi kwenye panda ya mkia, si ncha, lakini soma kanuni za mwaka huo. Simu iwe juu ya samaki sawasawa. Ukipiga kwa mshazari, mkia huonekana umevuka mstari ambao haukuufikia, na waamuzi wanaujua ujanja huo kuliko wewe. Vidole visizibe tarakimu wala kadi. Saa saba mchana ubao hung'aa hadi namba hazisomeki. Mwenzako asimame akutilie kivuli.

Piga tatu, mrudishe samaki kwenye kimia majini, ndipo uzikague. Ukishamwachia hakuna kurudia.

Sulisuli na nduaro hawapandishwi chomboni kabisa. Kwao hutakiwa video: baharia ameshika lida (kipande cha mwisho cha mshipi, karibu na ndoana), samaki ubavuni mwa boti, kisha anaondoka.

Sasa kutuma, ambako samaki wengi wazuri hufia. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, hubanwa na kuvuliwa saa na mahali. Mwamuzi hupokea samaki asiye na tarehe, na jibu lake huwa neno moja. Itume kama hati, faili zima, bila kukata pembeni wala kuipaka rangi. Skrinshoti usijaribu. Na ukitumia kamera ndogo ya kifuani, angalia tarehe yake kila unapobadilisha betri. Nyingine hurudi ya kiwandani.

Nje ya mwamba mtandao hukatika, kwa hiyo uliza mapema wanahesabu saa ya kupiga au saa ya kupokea. Kama ni ya kupokea, kunja mishipi mapema urudi penye mtandao.

Pingamizi huandikwa kabla matokeo hayajasomwa. Picha asili zisifutwe simuni hadi zawadi zitolewe, hata simu ikilia kwamba imejaa.