Handaki la kuzamisha maji ya paa kwa nyumba ya Malindi

Mvua ya masika ikipiga Mei, maji yanayogeuza kichochoro kuwa mto mara nyingi yametoka kwenye mabati yetu wenyewe. Mtaa ukiyazamisha nyumba kwa nyumba, mtaro wa barabarani hupumua. Kazi hii ni ya siku 2 au 3 kwa watu wawili.

1. Piga hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 60 za mraba likipigwa na milimita 40 hutoa lita 2,400. Tangi la lita 1,000 lichukue mwanzo. Zinazobaki ni za handaki, yaani shimo refu lililojazwa mawe, ambamo maji hukaa yakinywewa na ardhi polepole. Mawe huacha nafasi ya maji kama thuluthi moja tu, kwa hiyo handaki la urefu wa mita 4, upana mita 1 na mawe ya kina cha sentimita 80 huhifadhi kiasi cha lita 1,000. Zilizobaki hunywewa na mchanga mvua ikiendelea, mradi jaribio la hatua ya 3 limefaulu.

2. Chagua mahali. Mita 5 au zaidi kutoka kwenye msingi, mbali na choo cha shimo na kisima. Chungulia kisima cha jirani wakati wa masika, na iwe siku za bamvu (bahari inapojaa kupita kawaida), kwani karibu na pwani maji ya chini hupanda na bahari. Kati ya maji hayo na chini ya handaki pawe na mita 1 kavu. Ukikosa, kama ilivyo sehemu nyingi za mjini Lamu zilizo karibu na bahari, usichimbe. Ongeza tangi.

3. Jaribu udongo. Chimba hadi mita 1.1, kisha pale chini toboa kishimo cha sentimita 30 kila upande. Kijaze maji, yaishe, ukijaze tena. Pima mara ya tatu. Mchanga mkavu hunywa kwa pupa, na mara ya kwanza hukudanganya. Yakiisha ndani ya nusu saa, endelea. Nusu ikibaki baada ya saa nzima, umekuta mfinyanzi au mwamba: hama.

4. Chimba kwa tahadhari. Mchanga hauna subira. Laza kingo, weka kifusi mita 1 kutoka ukingoni, na asiingie mtu peke yake. Ndiyo maana tunachimba refu badala ya lenye kina.

5. Jenga mtego wa mchanga. Hapa ndipo wengi hubana matumizi, kisha handaki hufa kwa misimu michache. Ni kisanduku cha tofali cha sentimita 45 kwa 45, ambamo maji ya paa hupita kabla ya kufika handakini: bomba la kutokea likae sentimita 20 juu ya sakafu, na mdomo wake ufungwe wavu wa mbu. Mchanga na majani hutuama chini, maji hupita juu. Kifuniko kibane, lakini kifunguke kwa mkono mmoja. Kikiwa kizito hakuna atakayesafisha.

6. Jaza. Tandika kitambaa cha kuchujia chini na pande zote. Gunia la katani litaoza. Mawe ya ukubwa wa ngumi, yaliyooshwa, toroli kama 50. Vipande vigumu vya machimboni vinafaa. Vile laini vinavyoacha unga wa chokaa mkononi huziba. Matumbawe ya baharini yaache baharini.

Bomba la inchi 4 kutoka mtegoni lishuke sentimita 1 kila mita. Ndani ya handaki lilale sawasawa, likiwa na matundu ya milimita 10 upande wa chini, mawe yalifunike. Kunja kitambaa juu, kisha sentimita 30 za mchanga.

7. Yape maji ya ziada njia. Handaki litajaa siku moja. Mtegoni weka bomba la juu linaloelekea mtaroni, si mlangoni kwa jirani. Maji ya jikoni na bafuni yasiingie kabisa: mafuta na sabuni huziba mchanga.

Safisha mtego Machi, kabla ya masika, na tena Oktoba kabla ya vuli. Maji yaliyobaki mtegoni yachote, ama utafuga mbu.

Walio mashambani kando ya Sabaki, handaki hili si kinga yao. Mto huo hushuka na maji ya Athi na Galana kutoka bara, na unaweza kufurika Malindi kukiwa na jua. Wao wasikilize habari za mvua ya bara, wahamishe mifugo na pampu mapema. Maji yakiingia nyumbani, zima swichi kuu ukiwa bado umesimama pakavu.