Gari haiwaki? Isikilize kwanza kabla hujaambiwa ufunguo umekufa

Jamani hii tabia ya fundi kuangalia gari mara moja na kusema "ECU imeungua" (yaani kompyuta ya gari) ama "ufunguo umekufa", mita ya kupimia umeme hata hajaitoa, imewala watu pesa sana hapa Mombasa. Gari yenyewe inakwambia inaumwa wapi ukisikiliza inavyofanya ukiiwasha: iko kimya, inalia tik tik, stata inazunguka lakini haishiki, ama inashika kidogo halafu inazima. Hayo ni magonjwa tofauti, usikubali yapewe dawa moja.

Kimya na tik tik, anza na betri na terminali zake. Hewa ya chumvi ya Likoni na Nyali haichezi, inakula terminali mpaka zinaota unga wa kijani, na saa zingine juu unaona pasafi kumbe uchafu uko ndani pale terminali inapokumbatia kichwa cha betri. Gari ikiwa imelala usiku, betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi, na ukichapa stata ikashuka chini ya 9.6 betri imechoka ama haina chaji. Sasa fanya hii ambayo wengi wanairuka: waya mmoja wa mita uguse kichwa chenyewe cha negativu, si terminali, wa pili uguse chuma cha injini, halafu mwenzako achape stata. Ikizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani, aidha kwenye terminali ama kwenye waya wa athi (ule wa negativu unaoenda kwenye bodi na injini) ulioliwa na kutu. Fungua negativu kwanza, sugua na msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi juu.

Betri iko sawa na bado kimya? Gari ya otomatiki, jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P, swichi ya gia huchoka. Gari ya kubonyeza batani, mwambie mtu asimame nyuma aangalie taa za breki, maana swichi ya breki ikifa gari haijui kama umekanyaga, utabonyeza mpaka kesho inakuwashia redio tu. Ni kaswichi kako juu ya pedali, bei yake haifiki popote ukilinganisha na hiyo "sistimu nzima" unayotaka kuuziwa. Na kama sukani imejifunga, itikise kushoto kulia huku unazungusha ufunguo, usilazimishe utaukatia ndani.

Haya, ufunguo. Hapa ndipo watu huchanganya. Ndani ya ufunguo mna vitu viwili: rimoti ya milango, hiyo inatumia betri, na chipu ya imobilaiza (kinga ya wizi inayozuia injini isiwake bila ufunguo wake) ambayo haina betri kabisa, inapata nguvu kutoka kwa koili iliyozunguka pale unapochomeka. Kwa hivyo gari ya kuzungusha ufunguo ikikataa kuwaka, usikimbilie betri ya rimoti, haihusiki. Ile ya batani ndiyo betri ikiisha inalalamika haioni ufunguo, lakini hata hapo hujakwama: kanyaga breki, gusisha ufunguo kwenye batani (Toyota nyingi ni ule upande wenye nembo), ikilia bonyeza. Ukifungua ubadilishe betri soma namba yake, nyingi ni CR2032 ama CR1632, na ukikuta bodi imeota kijani isugue taratibu na mswaki laini na spiriti, iache ikauke.

Kingine, mtu ananunua kava mpya, anahamisha bodi, kava kuukuu anatupa, kumbe chipu ni kijidude cheusi kilikuwa kimechimbiwa pembeni na kimeenda na takataka. Milango inafunguka vizuri, injini hakuna. Angalia taa nyekundu ya usalama kwenye dashibodi: kwa Toyota nyingi inameta gari ikiwa imefungwa, ukiwasha swichi inafaa izime. Ikiendelea kumeta, gari haijautambua ufunguo. Kabla ya kulia, toa kwenye bunda funguo zingine zenye chipu, huwa zinaingiliana.

Taa imezima, stata inazunguka na haishiki, hapo achana na ufunguo. Gari inayozima ikipata moto, kwa mfano kwenye foleni ya feri jua la saa saba, halafu ikipoa inawaka kama haikuwa na neno, shuku sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini), na skana, mashine ya kusoma kodi za makosa ya gari, ikitoa kodi P0335 ndiyo njia hiyo. Ikiwaka lakini inatetemeka baada ya kuoshwa injini, chomoa koili za plagi uone kama maji yamejaa kwenye mashimo ya plagi. Skana ikisema P0302, yaani silinda ya 2 haichomi vizuri, hamisha koili ya silinda ya 2 upeleke ya 3, kosa likihama kuwa P0303 koili ndiyo mbovu. Usishike koili mkono mtupu injini ikizunguka, ile ni maelfu ya volti.

Na gari nyingi za kutoka Japani zinakuja na ufunguo mmoja tu. Ongeza wa pili sasa hivi, huo mmoja ukiwa bado unafanya kazi, maana ukipotea kazi inakuwa kubwa na bei inapanda. Siku ya kuprogramu hakikisha betri ya gari imejaa, umeme ukishuka katikati hata ule wa kwanza unaweza kukataa.